Mali Bila Daftari: Habari za Ndege Watagao Mchangani

Mtu akisikia kwamba mwanafunzi wa Mbezi Luis anaandika habari za ndege wa pwani, huenda akacheka. Atasema, "Huko kwenu ni vilima, mabasi na vumbi la Barabara ya Morogoro; bahari mmeiona wapi?" Ni kweli kwamba wageni wengi huchanganya Mbezi mbili. Iko Mbezi ya ufukweni, yenye mahoteli na minazi, na iko Mbezi yetu ya Luis, iliyo bara kidogo, ambako tangu mwaka 2021 kimefunguliwa kituo kikuu cha mabasi yaendayo mikoani. Lakini Mbezi hizi mbili zimeunganishwa na mto mmoja. Mto Mbezi hupita katika mabonde yetu, ukashuka mpaka baharini, na wakati wa masika hubeba mchanga mwingi. Mchanga huo mawimbi huupokea na kuutandaza ufukweni. Kwa hiyo kila lori linalojaza mchanga mtoni huku kwetu lachukua mchanga ambao pwani ingeupata. Na wako viumbe ambao nyumba yao yote, tangu yai mpaka uzee, ni mchanga ule.

Kusudi la makala hii ni kuwaeleza wasomaji habari za viumbe hao, yaani ndege watagao mayai yao juu ya mchanga wa ufukwe, na hasa kueleza ni mambo gani yapasa kuchunguzwa na kuandikwa ili ndege hao wasitoweke. Sitasema sana juu ya uzuri wao. Uzuri wao kila mtu aweza kwenda kuutazama mwenyewe. Nataka kusema juu ya hesabu.

Wazee wa pwani huwaita vitwitwi wale ndege wadogo wakimbiao ukingoni mwa maji, mbio kidogo, kisha husimama, kisha mbio tena. Wengi katika hao ni wageni. Huzaa Ulaya na Siberia wakati wa joto la huko, na baridi ikikaribia husafiri maelfu ya kilometa kuja kula katika matope na mchanga wetu. Lakini yuko mmoja ambaye ni mwenyeji. Mgongo wake ni rangi ya mchanga, tumbo ni jeupe lenye rangi kidogo ya chungwa, na paji la uso wake ni jeupe. Wataalamu walimpa jina la Kilatini Charadrius marginatus. Mimi nitamwita kitwitwi wa paji jeupe. Uzito wake haufiki gramu 60. Huyu hana kwao kwingine. Hula hapa, huoa hapa, hutaga hapa.

Kiota chake ni kishimo tu mchangani, juu kidogo ya mstari wa majani ya baharini yaliyoachwa na maji makubwa. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, nayo yana madoa madoa, hata mtu aweza kuyakanyaga asijue. Mume na mke hulalia kwa zamu, na kazi hiyo huchukua kama majuma manne. Hatari ikikaribia, ndege huyu hufanya jambo la ajabu: huyafukia mayai yake kwa mchanga, akipiga kwa miguu upesi upesi, kisha huondoka mbio. Akifuatwa zaidi, hujiburuta kana kwamba amevunjika bawa, ili adui amfuate yeye na kuyaacha mayai. Makinda yakisha kuanguliwa hayakai kiotani. Siku ile ile hukimbia na kujitafutia chakula, lakini hayawezi kuruka mpaka zimepita kama majuma matano. Katika majuma hayo silaha yao ni moja tu, nayo ni kulala kimya mchangani.

Yuko na mwingine astahiliye kutajwa, ingawa hatagi kwetu. Huyu ni ndege mkubwa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, na chakula chake ni kaa. Basi kwa leo na tumwite mla-kaa. Katika ndege wote wa jamii ya vitwitwi duniani, ni yeye peke yake achimbaye handaki mchangani na kutaga ndani yake. Hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Mahandaki yake yako katika visiwa na fukwe za Omani, Falme za Kiarabu, Iran, Eritrea na nchi nyingine za ukanda huo. Kisha husafiri kuja pwani ya Kenya na Tanzania, hasa penye matope na mikoko kama vile delta ya Rufiji, kama majahazi ya babu zetu yalivyokwenda na kurudi baina ya nchi hizo hizo. Dunia nzima inakadiriwa kuwa na wala-kaa kati ya 60,000 na 80,000 tu. Kwa hiyo mtu wa Sur au Maskati akiharibu handaki, hasara yatufikia sisi. Na sisi tukiharibu matope ya Rufiji, hasara yawafikia wao.

Tena, mwendo wa kilometa zaidi ya 60 mashariki ya Dar es Salaam, kuna kisiwa kidogo kitupu kiitwacho Fungu Kizimkazi. Hapo ndege wakubwa wa baharini hutaga chini kwa maelfu, kwa kuwa hakuna mti wala paka. Ndege wa kisiwani wana bahari ya kuwalinda. Lakini kitwitwi wetu wa ufukweni hana bahari ya kumlinda. Yeye na sisi tunataka mahali pale pale.

Sasa tuzitazame hatari zake. Ya kwanza ni miguu ya watu, na magurudumu ya pikipiki na magari yanayopitishwa ufukweni kwa mchezo. Ya pili ni mbwa. Ya tatu ni kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye hakuwa wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Akala takataka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka bahari, na leo amejaa Dar es Salaam yote. Takataka tunazozitupa ufukweni ndizo zinazomwita. Ya nne ni kaa wa mchangani na kenge, lakini hawa ni maadui wa asili, na ndege wameishi nao tangu zamani. Ya tano ni bahari yenyewe. Upande wa Kunduchi mawimbi yamekula ufukwe kwa miaka mingi, hata hoteli ya Africana, iliyokuwa mashuhuri, iliharibiwa na kuachwa. Pwani ikipungua, na nyuma yake pakawa ukuta wa saruji, ndege hana mahali pa kurudi nyuma. Maji ya bamvua yakija hufika mpaka ukutani, na kiota huenda nayo.

Hapo ndipo yafaa kuikumbuka methali ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara asiyeandika hufilisika kabla hajajua kwamba anafilisika. Kadhalika na ndege. Mwaka mmoja wapo, mwaka mwingine wapo kidogo, mwaka wa tatu mtu asema, "Zamani kulikuwa na ndege hapa," basi. Hapana ajuaye walipungua lini, wala kwa sababu gani, wala ni ufukwe gani ulioanza.

Huenda msomaji atauliza, "Je, ndege hawahesabiwi?" Wanahesabiwa. Tangu mwaka 1967 iko hesabu ya ndege wa majini ifanywayo kila Januari katika nchi nyingi, na Tanzania imo katika kazi hiyo. Mwaka 2002 kilitokea kitabu cha Neil na Elizabeth Baker kilichoeleza mahali penye maana kubwa kwa ndege nchini Tanzania, na pwani ya Dar es Salaam imo. Hesabu ya Januari ni kazi njema sana, maana hutuonyesha wageni waliotufikia. Lakini haiwezi kutuambia habari za viota. Nitatoa mfano wa shule. Mgeni akija hapa siku moja akatuhesabu, atapata jumla ya wanafunzi. Akija mwaka wa pili atapata jumla karibu ile ile. Lakini ikiwa hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia Kidato cha Kwanza, shule hii inakufa, ingawa jumla bado ni kubwa. Vitwitwi huishi miaka mingi kuliko watu wadhanivyo. Ufukwe waweza kuwa na ndege wazima wale wale mwaka hata mwaka, wala pasipate kinda hata mmoja afikaye kuruka. Kwa hiyo kuhesabu ndege hakutoshi. Yataka kuhesabu vizazi.

Basi ni mambo gani yapasa kuchunguzwa? Kwa maoni yangu ni sita.

Kwanza, kujua jozi ngapi zinataga, na wapi. Pwani yetu yapaswa kugawanywa vipande: Msasani, Kawe, Mbezi ya ufukweni, Kunduchi, Mbweni; na upande wa kusini, katika Kigamboni ambayo zamani ilikuwa Temeke, kuelekea Kimbiji. Kila kipande kiwe na namba yake katika daftari, na kipitiwe kwa namna ile ile kila mara.

Pili, kujua miezi ya kutaga. Kwetu mwaka hugawanywa na pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi na vuli. Kila kimoja kina mawimbi yake, na kila kimoja chaleta watu ufukweni kwa wingi wake. Tukijua ni mwezi gani viota huwa vingi, twaweza kuomba ufukwe fulani upumzishwe kwa majuma machache tu, badala ya kuomba ufungwe mwaka mzima, jambo ambalo hapana atakayelikubali.

Tatu, kujua ni viota vingapi vinavyofaulu. Hili laonekana rahisi kumbe si rahisi, nami nitalieleza zaidi hapa chini.

Nne, kujua ni nani aharibuye. Si haki kumtia kunguru hatiani bila ushahidi. Mchanga ni karatasi nzuri: kaa huacha vijishimo vyake, mbwa nyayo zake, mtu viatu vyake, na maji huacha mstari. Mtu akifika mapema asubuhi, kabla upepo haujafuta, aweza kusoma kesi nzima. Wataalamu wenye fedha hutumia kamera ndogo zinazojipiga zenyewe usiku na mchana.

Tano, kujua makinda huenda wapi. Kwa kazi hii ndege hutiwa pete za rangi miguuni na watu wenye ruhusa na mafunzo. Huko Watamu, Kenya, shirika la A Rocha limewatia pete ndege wa pwani katika Mida Creek, na ndege mwenye pete akionekana mahali pengine, safari yake hujulikana.

Sita, kuupima ufukwe wenyewe. Nyundo, kigingi na kamba yenye alama za meta vyatosha. Kila mwezi mtu apime kutoka kwenye kigingi mpaka mstari wa maji makubwa, aandike. Baada ya miaka mitano atajua kama ufukwe unakua au unaliwa, na kwa kiasi gani.

Sasa nirudi katika jambo la tatu. Tuseme tumeona viota 10, tukavitazama mpaka mwisho. Vinne vikaangua, sita vikaharibika. Mtu atasema, "Nne katika kumi, asilimia 40 imefaulu." Hesabu hiyo ina kasoro. Viota vingi huharibika mapema sana, siku ya pili au ya tatu, kabla sisi hatujaviona. Vile tuvionavyo ni vile vilivyokwisha kuokoka siku kadhaa. Ni sawa na mtu apimaye ugumu wa mtihani kwa kuwauliza wale tu waliofika Kidato cha Nne.

Mwaka 1961 Mmarekani mmoja, Harold Mayfield, alionyesha njia ya kutengeneza kasoro hiyo. Tena huyu hakuwa profesa wa ndege. Alikuwa na kazi yake nyingine, na ndege aliwachunguza kwa mapenzi. Alisema, usihesabu viota, hesabu siku. Kiota kimoja kikitazamwa siku 10, hizo ni siku-kiota 10. Tuseme vile viota vyetu 10 vilitazamwa jumla ya siku-kiota 120, na katika siku hizo sita viliharibika. Gawanya 6 kwa 120, utapata 0.05. Maana yake, kila siku kiota kina hatari ya 5 katika 100, na nafasi ya kuokoka siku moja ni 0.95. Lakini ndege yampasa kuokoka siku zote 28 mfululizo. Kwa hiyo zidisha 0.95 kwa yenyewe mara 28. Chukua majedwali yako ya logi ufanye. Utapata karibu 0.24. Basi ukweli si 40 katika 100, bali 24. Hatari ya kila siku ikipungua kutoka 5 mpaka 2 tu, jibu lapanda mpaka 57 katika 100. Tazameni jinsi badiliko dogo la kila siku lilivyo kubwa mwishoni! Kumfunga mbwa mmoja kwa mwezi mmoja kwaweza kuwa ndilo badiliko hilo. Na wale wanaouliza logi zinafaa nini baada ya mtihani, jibu ni hilo.

Kuhesabu ndege wazima nako kuna elimu yake. Mwalimu wetu alitujaribu siku moja katika chama cha sayansi. Alimwaga punje za mahindi juu ya meza, akazifunika kwa gazeti, akafunua kwa muda wa sekunde tano tu, akafunika tena. Punje zilikuwa 200. Majibu yetu yalikuwa kutoka 90 mpaka 350, na kila mtu alikuwa na hakika. Akatufundisha kutazama fungu la kumi, kulishika machoni, kisha kuuliza mafungu kama hilo ni mangapi. Baada ya siku chache tulikuwa tukikaribiana. Ndiyo sababu katika daftari hapana budi kuandika jina la mhesabu, saa, hali ya hewa na hali ya maji. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali juu ya matope; yakijaa hukusanyika mahali pakavu, na hapo ndipo pa kuwahesabu. Hesabu ya maji kupwa na hesabu ya maji kujaa haziwezi kulinganishwa, kama vile huwezi kulinganisha wanafunzi walio bwenini saa nne asubuhi na walio bwenini saa nne usiku.

Maarifa mengine hayamo vitabuni. Likizo iliyopita mimi na wenzangu wawili tulikwenda Kunduchi, tukamkuta mzee mmoja akishona nyavu. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Mnatafuta samaki au mnatafuta picha?" Tulipomweleza shughuli yetu alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza tumekwenda kutafuta viota siku gani ya mwezi. Hatukuwa na jibu. Akasema, "Mkija siku za maji mafu mtaona viota vingi, mtafurahi, mtaandika. Njooni tena baada ya bamvua, ndipo mjue vilivyobaki." Neno hilo ni elimu ya utafiti iliyo kamili. Tangu siku ile tumepatana kwamba kila kiota kiandikwe pamoja na umri wa mwezi.

Lakini hapa ni lazima niwaonye wasomaji. Mchunguzi aweza kuwa adui mkubwa kuliko kunguru. Ukimfukuza ndege kiotani jua la saa sita mchana, mayai yaweza kuungua mchangani kwa muda mfupi, kwa maana ndege huyalalia si kwa kuyapa joto tu, bali na kwa kuyapa kivuli. Kwa hiyo adabu za kazi hii ni hizi: nenda asubuhi au alasiri; tazama kwa mbali; usiende moja kwa moja mpaka kiotani ukasimama na kurudi, bali pita kando kama mpita njia, maana kunguru hukutazama na mbwa hufuata harufu; usikawie; usiweke kijiti karibu na kiota, bali alama iwe mbali na maelezo yawe daftarini; na usimwonyeshe kila mtu, wala usirushe picha na mahali pake kwa simu. Tena kushika ndege au mayai ni kazi ya wenye kibali. Utafiti wa wanyama pori nchini una taasisi yake, TAWIRI, iliyoundwa mwaka 1980, na mwanafunzi hana haki ya kujifanya taasisi. Kazi yetu ni macho, miguu na kalamu.

Mwenzangu mmoja wa bweni aliposoma maandishi haya alinipinga. Alisema, "Watu wa mji huu hawana maji ya kutosha, barabara za mitaa zinakatwa na mvua, nawe unalilia ndege wa gramu hamsini." Neno lake ni zito, nami sikulidharau. Nilimjibu hivi. Kigingi kile kinachopima nyumba ya kitwitwi ndicho kinachopima usalama wa nyumba za watu. Mchanga ukiisha, ndege atakuwa wa kwanza kuondoka, lakini hatakuwa wa mwisho. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni mwa bahari na kingo za mito. Lakini ufukwe ukisogea, meta 60 zinahesabiwa kutoka wapi? Bila vipimo vya miaka, kila mtu atasema lake, na mwenye fedha atasikilizwa. Mwenzangu alisema kwamba bado maji ni kwanza. Nami nakubali kwamba maji ni kwanza. Nasema tu kwamba daftari halinyimi mtu maji.

Tena mifano iko kwamba kazi hii huzaa matunda. Huko Marekani, katika pwani ya Atlantiki, yuko kitwitwi mdogo atagaye mchangani kama wetu. Mwaka 1986 zilihesabiwa jozi karibu 790 tu. Watu walizungushia viota kamba, wakafunga mbwa, wakaweka walinzi, na kila mwaka wakahesabu ili wajue lipi linafaa na lipi halifai. Kufikia mwaka 2021 jozi zilikuwa zimepita 2,000. Afrika ya Kusini nayo ilikataza magari kupita ovyo katika fukwe zake tangu mwisho wa mwaka 2001, na baadhi ya ndege wa ufukweni wakaanza kuzaa vizuri zaidi.

Hata hapa kwetu mfano uko karibu. Shirika la Sea Sense, lililoanza kazi mwaka 2001, limefundisha watu wa vijiji vya pwani kutafuta na kulinda viota vya kasa. Watu hao hutembea ufukweni alfajiri, wanajua mchanga wao, na wanaandika. Mimi naona kwamba hakuna haja ya kuanza jambo jipya lenye gharama. Daftari la kasa laweza kuongezwa safu moja ya ndege. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na walinzi wake waweza kufanya vivyo hivyo. Na shule zilizo Dar es Salaam, ambazo ni nyingi mno, kila moja yaweza kupewa kipande chake cha ufukwe.

Nasi je? Chama chetu cha sayansi kimechagua kipande kimoja cha ufukwe wa Kunduchi, na vilevile mahali pamoja penye daraja katika Mto Mbezi, ili tupime mchanga huku unakotoka na kule unakokwenda. Mpango ni kwenda ufukweni Jumamosi moja kila mwezi, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, na kupima mtoni mara mbili kwa mwezi, maana huko ni mwendo wa miguu. Tulio Kidato cha Nne tumeandika kurasa za kwanza, lakini kurasa za mwanzo hazina maana yoyote peke yake. Mwezi mmoja ni habari. Miaka kumi ndiyo elimu. Novemba sisi tutakuwa katika mitihani, kisha tutatawanyika. Daftari likikatika hapo, huyo atakayelianza tena hatakuwa na mwaka wetu wa kulinganisha na wake, na itakuwa kama hatukuandika.

Kwa hiyo natoa ombi kwa ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Wanatakiwa watu sita: wawili wa kuhesabu, wawili wa kushika kamba, mmoja wa kuandika, na mmoja wa kukaa nyuma kuhakikisha hakuna akaribiaye kiota. Si lazima awe hodari darasani, ila mwandiko wake usomeke, na aweze kunyamaza. Daftari limo katika kabati la maabara, rafu ya juu, jalada la bluu, na ufunguo uko kwa mwalimu wa Baiolojia. Majina yapelekwe kwake kabla ya kufunga shule.

Mwanafunzi, Kidato cha IV